Mtu wa Mlangoni: Kumchagulia Mgeni Sinema Bubu ya Kwanza

Haya niliyasema Jumamosi jioni pale Mwanga, Kigoma, mbele ya wenye mabanda ya video, walimu, na vijana wanaotaka kuanza kuonyesha filamu za zamani mitaani kwao. Baadhi yenu mlikuwa ziwani, wengine safarini, mkaniomba niyaandike. Vipande nilivyovirusha ukutani siwezi kuviweka hapa, lakini maneno nimeyaacha yalivyotoka.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Walimu, karibuni. Vijana, mambo? Na ninyi wenzangu wenye mabanda, mliofunga biashara siku ya mechi mkaja kunisikiliza, sadaka hiyo naijua ukubwa wake. Asanteni sana.

Kwanza niungame. Usiku wangu wa kwanza wa kuonyesha sinema bubu, nilifukuza watu bandani. Tena niliwafukuza kwa filamu nzuri.

Ulikuwa mwezi mpevu. Banda langu liko Ujiji, na nyote mnajua mwezi ukiwa mkubwa inakuwaje: dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala mchangani, vijana wana hela ya giza lililopita na hawana pa kwenda. Banda lilifurika. Benchi zikajaa, ndoo zikageuzwa zikawa viti. Mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba Metropolis, iliyotengenezwa Ujerumani na Fritz Lang, ikatoka mwaka 1927, ni jabali la sinema. Nikaitafuta ile ndefu, yenye vipande vilivyopotea miaka na miaka vikaja kuonekana Buenos Aires mwaka 2008. Saa mbili na nusu. Nikasimama mlangoni nikanadi: njooni muone mji wa kesho, uliojengwa kabla babu zenu hawajaoa! Watu wakatoa mia tano tano, wakaingia.

Dakika 10, kimya. Nikafurahi, nikadhani ni kimya cha kuvutiwa. Dakika 20, mtu akakohoa, mwingine akamwitikia. Ilipofika nusu saa, mzee mmoja mvuvi, aliyekaa benchi la mbele na redio yake kwenye mapaja, akainuka taratibu, akanifuata nilipokaa na kompyuta. Akaniinamia sikioni. "Bwana mdogo, huyu kijana mwenye suruali nyeupe anatafuta nini?"

Nikaanza kumweleza. Kuna matajiri juu, kuna wafanyakazi chini, baba yake ndiye mwenye mji, halafu kuna binti, halafu kuna mashine... Nilieleza mpaka nikajiona mwenyewe nimepotea. Mzee akanitazama kwa huruma kabisa. "Basi nirudishie mia tano yangu. Ukishamaliza kuielewa, utaniita."

Usiku ule nilirudisha mia tano 17. Pigeni hesabu wenyewe: shilingi 8,500, na mafuta ya jenereta juu.

Filamu ilikuwa mbaya? Hata kidogo. Nimeitazama mara sita na ya saba inakuja. Watu walikuwa wajinga? Thubutu! Wale ni watu wanaosoma upepo wa ziwa usiku wa giza. Kosa lilikuwa wapi? Kosa lilikuwa kwangu. Nilichagua kwa sifa za filamu, sikuchagua kwa mtu aliyekaa kwenye benchi. Na hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Sasa sikilizeni. Kila banda lina mtu wa mlangoni. Mnamjua. Hajalipa, au amechelewa, au anamsubiri mwenzake. Nusu ya mwili iko ndani, nusu iko nje, mkono umeshika pazia. Huyo ndiye mwalimu wangu. Siku hizi kabla sijaonyesha filamu ya zamani kwa wageni, naifungua katikati, popote, nakaa kama yule wa mlangoni, nahesabu dakika mbili. Je, nimejua nani anataka nini? Je, nimejua nini kinamzuia? Kama nimejua bila kuambiwa, hiyo ni filamu ya mgeni. Kama inanibidi nieleze, inakwenda kabatini kungoja siku yake. Sisemi itupwe. Ingoje.

Na tusidhani jambo hili ni la kwetu tu wa Kigoma. Walioianzisha biashara hii walilijua tangu siku ya kwanza. Tarehe 28 Desemba 1895, kule Paris, kwenye mkahawa ulioitwa Grand Café, ndugu wawili Auguste na Louis Lumière walitoza watu kiingilio wakawaonyesha filamu kumi, kila moja haifiki hata dakika. Moja wapo ni hii: mtunza bustani anamwagilia, kijana mtundu anakuja kwa nyuma anakanyaga mpira wa maji. Maji yanakata. Mtunza bustani anachungulia mdomo wa mpira. Kijana anainua mguu. Niambieni, nani hapa anahitaji mkalimani? Nimewaonyesha watoto wa chekechea kule Gungu, wakaanza kucheka maji hayajatoka. Sikieni vizuri hapo: *hayajatoka*. Mtoto yuko mbele ya yule bwana wa bustani. Ameshajua. Hicho ndicho ninachokitafuta katika filamu ya kwanza, mtazamaji awe ameshajua kabla ya steringi.

Wiki mbili baada ya lile balaa la Metropolis nikajaribu tena, safari hii na kitu kifupi. One Week, ya Buster Keaton, mwaka 1920, dakika 20 na ushei. Bwana na bibi harusi wanapewa zawadi ya nyumba iliyofungwa ndani ya masanduku, kila sanduku lina namba, kazi yao ni kuunga tu kwa kufuata karatasi. Yupo mwanamume aliyemtaka yule binti akakataliwa. Huyo adui anakuja kwa siri anabadilisha namba kwenye masanduku. Basi. Hadithi imekwisha kuelezwa, na hakuna aliyefumbua kinywa.

Siku hiyo alikuwemo fundi seremala, jirani yangu, mtu mkimya ambaye hata salamu huitikia kwa kichwa. Nyumba ikaanza kupanda, imepinda kama mgonjwa, mlango wa ghorofani unafungukia hewani. Fundi akaanza kunung'unika. Mara akasimama. "Pima kwanza! Pima wewe! Hiyo nguzo haikai hapo!" Banda zima likamgeukia. Upepo ukaja, nyumba ikazunguka kama pia na wageni ndani yake, fundi amejishika kichwa. Halafu wanaambiwa wamejenga kiwanja siyo, chao kiko ng'ambo ya reli. Wanaikokota nyumba, inakwama katikati ya reli. Garimoshi hilo linakuja!

Garimoshi likapita. Kumbe lilikuwa reli ya pembeni. Watu wakashusha pumzi, fundi akakaa, akafuta jasho kwa kofia yake. Na hapo hapo, kutoka upande wa pili, likaja lingine likaipitia nyumba yote ikawa kuni.

Sijawahi kusikia kelele vile bandani kwangu, labda Simba na Yanga. Kesho yake fundi alikuja mchana, peke yake, akaniuliza kama ninayo nyingine ya "yule jamaa asiyecheka". Maana Keaton hacheki, uso wake umelala kama maji ya asubuhi, na hicho ndicho kinachotuvunja mbavu.

Kwa hiyo mkiniuliza nianze na nini, jibu langu ni hilo: kitu cha dakika 20, chenye taabu inayoonekana kwa macho. Nyumba, ngazi, njaa, polisi, garimoshi. Taabu ya mkononi. Falsafa itafuata yenyewe.

Kuna anayewaza moyoni: lakini hizi ni za zamani mno, za watu wa mbali mno, zinatuhusu nini? Haya. Reli ya Kati ilifika hapa Kigoma mwaka 1914. Mwaka huo huo, kule California, kijana wa London anayeitwa Charles Chaplin alivaa kwa mara ya kwanza ile suruali pana, kofia ya duara na fimbo. Ile meli yetu Liemba, iliyozamishwa wakati wa vita mwaka 1916 ikiwa na jina lake la Kijerumani, ikaibuliwa kutoka chini ya maji, ikarudi kazini mwaka 1927. Na mwaka huo huo 1927 Marekani ilitoa The Jazz Singer, filamu iliyosikika mtu akiimba na kusema, na sinema bubu ikaanza kuaga. Mnaona? Enzi ya filamu bubu ndefu ni ule muda kati ya garimoshi kufika hapa na Liemba kurudi majini. Ukisimama bandarini unauona umri wake wote.

Sasa nije kwenye jina lenyewe. Tunasema sinema bubu. Ilikuwa bubu? Ilikuwa bubu lini? Kwenye majumba makubwa palikuwa na okestra nzima, kwenye madogo palikuwa na mtu mmoja na piano yake. Na Japani, jamani, Japani palikuwa na watu walioitwa benshi. Kazi yao kusimama kando ya pazia, kusimulia, kuigiza sauti ya mwanamke, ya mtoto, ya adui. Walikuwa na majina makubwa. Watu walikwenda sinema kumfuata benshi kuliko kuifuata filamu. Kaka yake Akira Kurosawa, yule mwongozaji mashuhuri, alikuwa mmoja wao. Sasa ninyi mliokua na kaseti zilizotafsiriwa na Lufufu, mnashangaa nini? Si ni sisi hao hao?

Hata hapa Tanganyika mambo hayo yamepita. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri milima ya Usambara, Waingereza walikuwa na mradi wa kutengeneza filamu za kuwaonyesha Waafrika wa Afrika Mashariki na Kati. Picha zilipigwa bila sauti, maneno yakawekwa kwenye santuri zilizochezwa pembeni, kwa lugha mbalimbali. Zilikuwa filamu za kutufundisha kilimo, usafi na kulipa kodi, kwa hiyo siwashauri mwanzie hapo.

Ninachotaka mkibebe ni hiki: ukichagua filamu, umechagua nusu tu. Nusu ya pili ni sauti utakayoiweka juu yake. Mimi nina kijana anayenitafsiria filamu za Kichina, ana mdomo wa dhahabu. Usiku wa kwanza nilimpa kipaza sauti kwenye sinema bubu, akaongea dakika 20 bila kuvuta pumzi. Vichekesho vyake mwenyewe, majina ya watu wa mtaani, matusi kidogo. Watu walicheka, sikatai. Lakini walicheka wakimtazama yeye, pazia limebaki yatima. Sasa tumekubaliana: kibao cha maneno, yale maandishi yanayotokea katikati ya picha, kikitokea, anakisoma kwa Kiswahili kizuri, mara moja, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya nyumbani. Halafu ananyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomchukua miezi mitatu kujifunza.

Na muziki? Usiweke chochote kilichoko kwenye simu. Niliwahi kuweka singeli chini ya mazishi. Sitaki kuongea zaidi. Tafuteni binti au kijana anayepiga kinanda cha kwaya, mwonyesheni filamu mara moja mchana, mwacheni apige anavyoona. Wanaopiga kanisani wana kitu ambacho hamtakinunua: wamezoea kumfuata anayeongoza huku wakiangalia, wanajua kungoja.

Jambo dogo la ufundi, nalipita haraka. Kamera za zamani zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi picha 16 hadi 20 hivi kwa sekunde, mara zaidi, kutegemea mkono wa mtu. Sauti ilipoingia wakakubaliana picha 24. Ukichukua ya 18 ukaichezesha kwa 24, watu wanakimbia kama kuku waliomwagiwa maji. Nilinunua flashi moja mtaani yenye Chaplin wa namna hiyo. Mtoto mmoja akaniuliza kwa dhati kabisa: "Mjomba, zamani watu walikuwa wanatembea hivi?" Nikaona aibu. Ukiona mwendo si wa binadamu, tafuta nakala nyingine. Zipo, watu wamezisafisha kwa uangalifu, na kwenye kompyuta unaweza hata kuipunguza kasi mwenyewe.

Sasa niwape ile ninayoipenda kuliko zote kwa watu wa Ujiji. The Adventures of Prince Achmed, Ujerumani, 1926. Aliyeitengeneza ni mwanamke, Lotte Reiniger, kwa mkasi. Alikata vivuli vya watu na farasi kwenye karatasi nyeusi, viungo akavishikiza kwa waya, akavisogeza kidogo kidogo na kuvipiga picha moja moja, kwa karibu miaka mitatu. Ni filamu ya katuni ndefu ya zamani kuliko zote zilizobaki duniani. Na hadithi imetoka wapi? Alfu Lela Ulela!

Bibi mmoja jirani yetu, hajawahi kuingia banda la video maisha yake yote, anasema ni mahali pa wahuni. Nilitandika shuka uani kwake, jioni, baada ya swala ya Isha, wajukuu wamekaa mkekani. Farasi wa kuruka alipotokea tu bibi akasema, "Huyo ana kigingi cha kushukia, na mtoto wa mfalme hajaambiwa." Filamu haijafika huko! Akaanza kusimulia mbele yake, na filamu ikawa inamfuata yeye nyuma nyuma kama mjukuu. Mahali walipotofautiana, akaisahihisha filamu. Mikono yake ilikuwa inaumba vivuli vyake kwenye kona ya shuka, maana alikaa karibu na mwanga, na kuna wakati kidole chake cha shahada kilikuwa kikubwa kuliko jumba la sultani. Hakuna aliyemwambia asogee.

Lakini nisiwafiche. Adui wa filamu ile ni mchawi, na filamu inamwita mchawi wa Kiafrika. Bibi alipoambiwa, alisema, "Wachawi wako kote, mjukuu wangu," ikaishia hapo. Si kila mahali itaishia hapo. Na hili linanipeleka kwenye jambo zito.

Itazameni filamu wenyewe kwanza. Yote. Mpaka mwisho. Peke yenu, mlango umefungwa. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu filamu hizi zimetengenezwa na watu wa wakati wao, na kwa wakati wao sisi tulikuwa kichekesho au kitisho. Wazungu waliojipaka masizi usoni wakaigiza watu weusi mtawakuta mahali ambapo hamkutegemea, hata kwa Keaton huyu ninayemsifu, tazameni Seven Chances ya 1925. Na ipo The Birth of a Nation, ya D. W. Griffith, 1915. Kila kitabu kitawaambia ni filamu kubwa. Ni saa tatu za kuwasifu Ku Klux Klan, lile kundi la Wazungu wa Marekani lililowatesa na kuwaua watu weusi. Mwanafunzi wa historia ya sinema aitazame, tena akiwa na mwalimu. Mgeni? Mgeni wa nini? Unamkaribisha mtu nyumbani halafu unamtukana mlangoni?

Niwape kisa. The General, 1926, Keaton tena, saa moja na robo hivi. Dereva wa garimoshi, wapelelezi wa adui wanamwibia garimoshi lake, analifukuza kwa miguu, kwa baiskeli, kwa garimoshi lingine. Kigoma ni mji wa reli. Nilijua itashika, na ilishika. Tulikuwa na mzee mstaafu wa reli, alianza kazi ujanani kwenye yale ya mvuke, kuchochea moto. Kuna mahali Keaton, kwa huzuni ya mapenzi, anakaa juu ya ule mtaimbo unaounganisha magurudumu, garimoshi linaanza kwenda, mtaimbo unampandisha na kumshusha, wala hana habari. Watu wanacheka. Mzee hacheki. Akasema kwa sauti ambayo banda zima lilisikia: "Pale dereva akifungua mvuke kwa pupa, magurudumu yakateleza, huyo kijana amekufa. Hiyo si picha, hiyo ni kweli." Na ni kweli. Hata garimoshi linaloanguka mtoni daraja likiungua ni garimoshi halisi. Liliangushwa Oregon, na mabaki yake yakakaa mtoni miaka.

Taa zilipowaka, binti wa kidato cha tatu akanyoosha mkono. "Kaka, naomba kuuliza. Hii vita ni ile ya Marekani ya utumwa? Steringi yuko upande gani?"

Banda likanyamaza. Steringi yuko upande wa Kusini. Upande uliopigania utumwa ubaki. Kisa cha kweli cha mwaka 1862 kilikuwa cha wapelelezi wa Kaskazini, Keaton akakigeuza, shujaa akawa wa Kusini. Na tuko wapi? Tuko Ujiji, mwisho wa njia ya misafara ya watumwa, miembe ile mnaijua. Nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia garimoshi. Sikuwa nimejiandaa kwa binti yule. Tulikaa mpaka saa sita usiku, mzee wa reli akitetea ufundi, binti akiuliza ufundi wa nani kwa faida ya nani, na mimi nikiwasha na kuzima feni kwa kukosa la kufanya na mikono yangu.

Bado naionyesha. Lakini siianzi nayo tena, na kabla haijaanza nasema mwenyewe steringi yuko upande gani. Na baadaye, kwa wale waliokwisha kukaa na filamu hizi, naonyesha Within Our Gates ya Oscar Micheaux, mtu mweusi wa Marekani, 1920. Ilipotea miongo mingi, nakala ikaja kuonekana Hispania. Ni ngumu, ina mauaji ya kuumiza moyo. Binti yule ndiye aliyeniomba tuirudie mara ya pili.

Tumecheka, tumegombana. Na machozi je? Kuna wanaodhani sinema bubu ni kuanguka anguka tu. Hao wapeni The Kid ya Chaplin, 1921. Mwanamume fukara anaokota kichanga jalalani, anakilea. Mtoto akikua, kazi yao ni moja: mtoto anatangulia kuvunja vioo vya watu kwa mawe, baba anapita nyuma na vioo mgongoni, fundi yuko hapa! Halafu wakubwa wanakuja kumchukua mtoto kwa nguvu, wanampakia garini, anamnyooshea baba mikono. Baba anapita juu ya mapaa kulifukuza gari.

Alikuwepo mpakia mizigo mmoja wa Kibirizi, kifua kama mlango wa ghala, ndiye aliyekuwa anacheka kuliko wote kwenye vioo. Mtoto alipoanza kulia garini, jamaa akasimama. "Ngoja nipokee simu." Akatoka. Alirudi baada ya dakika tano, macho mekundu. Simu yake ilikuwa kwa mama muuza maji, inachajiwa.

Baada ya hapo njia imefunguka, sitawashika mkono sana. Safety Last! ya Harold Lloyd, 1923, yule mwenye miwani anayening'inia kwenye saa ya ghorofa. Waambieni filamu ikiisha, si kabla, kwamba mkono wake wa kulia haukuwa na kidole gumba wala cha shahada, alivipoteza kwa mlipuko mwaka 1919. The Last Laugh ya F. W. Murnau, 1924, ya bawabu wa hoteli anayevuliwa koti la kazi. Karibu haina vibao vya maneno, na kila mlinzi wa mji huu ataielewa kwenye uti wa mgongo. Nosferatu ya Murnau huyo huyo, 1922, haitishi tena, vijana watacheka. Waacheni wacheke mpaka kile kivuli kipande ngazi. Na usiku wa mwezi mpevu fungueni na A Trip to the Moon ya Georges Méliès, 1902, robo saa hivi, ile ya roketi kumchoma mwezi jichoni. Watoto wangu walitoka nje ikiisha, mwezi umekaa juu ya ziwa, mmoja akalalamika: "Mbona jicho limeshapona?"

Haki na vibali, neno moja. Kwa sheria ya Marekani filamu iliyotolewa zaidi ya miaka 95 iliyopita iko huru, lakini muziki mpya uliowekwa juu yake huwa na mwenyewe. Na habari ya kibali cha maonyesho mwulizeni afisa utamaduni kabla hajawauliza yeye.

Yule mzee wangu wa redio? Nilimwita. Ilikuwa mwaka na miezi miwili baadaye. Alikuwa ameshatazama kumi na kitu, Keaton anamwita "mwanangu". Nikamwambia mzee, nimemaliza kuielewa, njoo. Akaja, akakaa benchi lile lile, Metropolis ikaanza, saa mbili na nusu zote. Karibu na mwisho kuna mafuriko: mji wa wafanyakazi unajaa maji, watoto wanakimbilia juu, wanabanana kuzunguka kengele kubwa, mikono juu. Mzee akazima redio yake. Ilipoisha akanifuata pale pale kwenye kompyuta.

"Kumbe kuna maji," akasema. "Siku ile kwa nini hukuniambia kuna maji?"

Haya, nimeongea mno, na projekta imeshapoa. Sasa hivi narusha One Week, ile ya nyumba na masanduku. Mama, pale nyuma, usifunge mlango, uache wazi kidogo. Wenzetu wa Kibirizi wamepiga simu, wako kwenye bajaji, wataingia katikati. Wakiingia, nawaombeni sana, mtu yeyote asiwaeleze kitu. Mimi nitakuwa nimesimama pale pazia lilipo, na saa mkononi. Zima taa.